Raketi za matawi: kutembea juu ya theluji nene ukiwa na kisu na kamba tu

Swali. Mdogo wangu anasoma Rouyn-Noranda, kule Abitibi, Kanada. Rafiki zake wanamwambia kwamba motokari ikikwama porini wakati wa baridi, mtu anaweza kujitengenezea viatu vya kutembelea juu ya theluji kwa matawi ya miti. Ni kweli? Anafanya namna gani, na anahitaji nini? Mimi niko huku Goma, theluji naijua tu kwa ule weupe unaoonekana asubuhi fulani juu ya Karisimbi. Nataka nimueleze vizuri, na kama kuna kitu anaweza kujifunza akija likizo, tujifunze pamoja. Na je, viatu hivyo vinaweza kusaidia wanaopanda Ruwenzori? — *Dada wa Katindo, Goma*

Jibu. Dada, ni kweli, hawakumdanganya. Lakini kabla ya kisu na matawi kuna neno moja la kumwambia, na umwambie kwa sauti ya dada mkubwa: gari likikwama, asiliache. Barabara ya 117 kutoka Abitibi hadi Montréal ina zaidi ya kilomita 600, na inakatiza hifadhi ya La Vérendrye ambako mtu huendesha mwendo mrefu bila kuona nyumba wala kupata mtandao wa simu. Gari ni nyumba, linaonekana toka mbali, na magari ya kusafisha theluji hupita barabarani. Mtu aliyeingia msituni haonekani. Akae ndani, awashe injini kama dakika 10 kila saa, afungue dirisha kidogo upande usiopigwa na upepo. Na kila mara kabla ya kuwasha, atoke kuangalia kama bomba la moshi halijafukiwa. Moshi ukirudi ndani huja na gesi isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Raketi (ndivyo nitakavyoviita hivi viatu, toka neno la Kifaransa wanalotumia kule, «raquettes») zina kazi pale ambapo gari limekwama kwenye njia ndogo ya wakata miti isiyopitiwa na mtu, na anajua kwa hakika kwamba kuna nyumba au kambi karibu. Zina kazi nyingine ambayo wengi huisahau: kukusanya kuni kuzunguka mahali pa kulala. Kuvuta kuni mita 50 katika theluji inayofika mapajani hulowanisha nguo kwa jasho, na nguo yenye jasho katika baridi ya digrii 25 chini ya sifuri ndiyo inayoanza kumuua mtu.

Sasa, kwa nini kiatu kipana kinasaidia? Sisi neno barafu tunalitumia kwa kila kitu cheupe na baridi, lakini hapa tutenganishe. Barafu ni maji yaliyoganda, ngumu kama jiwe. Theluji mpya ni nyepesi: sentimita 10 zake zikiyeyuka hutoa takriban sentimita 1 ya maji, na nyingine yote ni hewa. Ukitaka kuifikiria, kumbuka lundo la vumbi la mbao nyuma ya atelie ya seremala. Ukilikanyaga, mguu unazama mpaka pale ambapo vumbi limebanwa vya kutosha kukubeba.

Mtu wa kilo 70 pamoja na nguo nzito na mfuko mgongoni anafika kilo 85. Soli ya buti ina kama sentimita 28 kwa 10, yaani eneo la sentimita 280 za mraba, na unapotembea uzito wote huwa juu ya mguu mmoja. Hiyo ni gramu 300 juu ya kila sentimita ya mraba. Raketi ya umbo la yai, urefu sentimita 75 na upana 30, ina eneo la takriban 1,750. Uzito ule ule unashuka hadi gramu 50 hivi, karibu mara sita chini. Hata hivyo asitegemee kutembea juu kama bata juu ya ziwa. Katika theluji mpya, hata raketi nzuri ya dukani huzama sentimita 15 au 20. Kinachobadilika ni kwamba hazami tena mpaka kiunoni.

Kisigino kiwe huru, kama cha kambambili

Naanza na kifungo cha mguu kabla ya fremu (ule ufito uliokunjwa kuwa ukingo wa raketi), kwa sababu hapo ndipo raketi nyingi za kujitengenezea zinaharibikia. Watu hutumia saa tatu kukunja fito na kusuka, fremu inakuwa nzuri ya kuonyesha, halafu wanafunga buti lote juu yake, mbele na nyuma, kama mzigo juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Baada ya hatua ishirini wanashindwa.

Angalia kambambili. Inashikwa na gidamu penye vidole tu, kisigino kinainuka na soli inabaki chini ikipiga kofi. Raketi inataka vivyo hivyo. Mguu ufungwe penye upana wa wayo, pale nyuma ya vidole, na kisigino kipande na kushuka bila kushikwa na chochote. Unapoinua mguu, mkia wa raketi unabaki ukiburuzwa juu ya theluji na ncha ya mbele inanyanyuka. Kisigino kikifungwa, kila hatua unainua raketi nzima pamoja na theluji iliyoanguka juu yake, kilo kadhaa kila mguu, na nyonga zinaanza kuuma kabla ya nusu kilomita.

Jambo la pili ni mahali pa kuufunga. Weka raketi iliyokamilika juu ya kidole kimoja, au juu ya ukingo wa panga, mpaka ilale sawa bila kuinama. Hapo ndipo penye mizani. Upana wa wayo ukae sentimita 2 au 3 mbele ya mizani hiyo, ili nyuma pawe pazito kuliko mbele. Ukifunga nyuma ya mizani, ncha ya mbele inachimba theluji kama jembe, na mtu anaanguka kifudifudi. Ukifunga mbele mno, mkia unakuwa mrefu na mzito, na kugeuka kati ya miti kunakuwa kazi.

Tatu, mbele ya vidole kuwe na nafasi wazi ya sentimita 10 hadi 12. Unapopiga hatua, buti linainama na vidole vinashuka kupitia nafasi hiyo. Nafasi isipokuwepo, vidole vinagonga ufito kila hatua na gidamu inalegea upesi. Mlimani nafasi hiyo inafanya kazi nyingine: unapiga ncha ya buti ndani ya theluji kupitia pale, na mguu hautelezi kurudi.

Gidamu yenyewe iwe pana. Kamba nyembamba iliyokazwa juu ya buti inabana mishipa ya vidole, na vidole visivyopata damu kule vinaganda, vinakuwa vyeupe na vigumu, bila maumivu ya kukuonya. Kitu bora ndani ya gari ni mkanda wa kiti cha nyuma: una upana wa karibu sentimita 5, hauvutiki, na haukati. Mpira wa ndani wa tairi unashika vizuri sana (Goma nzima inafunga mizigo kwa vipande vyake), ila katika baridi kali unakuwa mgumu na unapungua kuvutika, basi aukaze akiwa karibu na moto. Kipimo cha kukaza ni rahisi: vidole vya mguu viweze kuchezacheza ndani ya buti. Visipocheza, alegeze.

Njia ya haraka: matawi mabichi

Kwa mtu aliye mwanafunzi wa jambo hili, na mwenye haja ya kwenda mita mia chache tu, njia hii inatosha. Katika misitu ya Abitibi kuna miti miwili ya kijani isiyopukutisha majani ambayo atasikia ikitajwa kila siku, «sapin» na «épinette». Aitofautishe kwa vidole. Jani la «sapin» ni bapa na laini, halizunguki ukilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. La «épinette» lina pembe nne, linazunguka, na linachoma. Tawi la «sapin» limetandazika kama mkono wenye vidole vingi, nalo ndilo bora. La «épinette» linafaa likiwa limejaa majani.

Kila mguu unataka matawi manne hadi sita, urefu wa mita 1 hivi. Yapangwe yakipandana, mashina yakitazama mbele na ncha nyuma. Mpangilio huu una maana yake: vitawi vyote vimelalia nyuma, kwa hiyo raketi inateleza ikienda mbele, na ikirudi nyuma inashika. Ule upindo wa asili wa tawi ugeuzwe ili ncha zitazame juu. Mashina yafungwe pamoja kwa nguvu, na kamba moja itoke kwenye fungu hilo mpaka mkononi au kiunoni, ili akiinua mguu avute na ncha ya mbele ipande. Ufito mmoja mnene kama kidole gumba ufungwe kukatiza chini ya upana wa wayo, mwingine chini ya kisigino, na gidamu ishikwe na ule wa mbele peke yake. Kamba ya mita chache inatosha miguu yote miwili. Dakika 20 zinatosha kwa mtu aliyewahi kujaribu. Matawi yatalegea, kwa hiyo ahesabu kuyakaza upya kila nusu saa.

Onyo moja katika kukata matawi. Chini ya miti hii, matawi ya chini huzuia theluji isifike ardhini, na kuzunguka shina kunabaki shimo lililofunikwa na theluji nyepesi. Mtu anayekimbilia shina anaweza kuzama ghafla mpaka kifuani na kushindwa kujitoa. Aje polepole akipima kwa fimbo, na akate matawi ya nje anayoyafikia akiwa amesimama mbali.

Njia ya fremu

Hii ndiyo raketi yenyewe. Waanishinabe, wenyeji wa Abitibi, pamoja na Wakri na Wainnu, wameitengeneza kwa ustadi tangu zamani: mbao ya «frêne» au ya «bouleau» iliyokunjwa kwa mvuke, na ndani kumesukwa kanda za ngozi mbichi ya wanyama kama «orignal» na «caribou». Ile ni kazi ya siku nyingi na mikono iliyofundishwa. Tunachotafuta hapa ni ndugu yake maskini atakayekuvusha siku moja au mbili.

Kwa kila mguu atafute mche mmoja ulionyooka, urefu mita 2 au zaidi kidogo, unene wa kidole gumba upande wa shina, yaani sentimita 2 hadi 2.5, na usiwe chini ya sentimita 1.5 upande wa ncha. Miche ya «saule» na «aulne», inayoota kwenye mabwawa na kando ya mito, inakunjika vizuri. Ya «bouleau» ina nguvu zaidi lakini inakataa kukunjwa kwa haraka. Uwe mti mbichi. Ule mkavu uliosimama, hata ukionekana imara, utapasuka. Huku kwetu kila fundi wa vikapu anajua hilo, lakini kule kuna mtego ambao fundi wetu hajawahi kuuona: mti mbichi wenyewe umeganda. Maji yaliyo ndani ya nyuzi zake ni barafu, na ukiukunja jinsi ulivyokatwa unavunjika kama kijiti kikavu.

Kwa hiyo moto kwanza. Aache ganda juu ya mche, kwa sababu ganda huhifadhi unyevu ndani. Apitishe ule wastani wa mche, sentimita 40 za katikati, juu ya makaa (si ndani ya ndimi za moto) kwa umbali wa sentimita 30 hivi, akiuzungusha bila kusimama, dakika 10 au zaidi, mpaka ganda liwe moto kiasi cha mkono kukataa kulishika na mti uanze kulegea. Halafu aukunje juu ya goti kidogo kidogo, akisogeza goti kila mara ili upindo ugawanyike. Ukikunjwa mahali pamoja, unapasuka hapo. Sauti ndogo ya kutatarika si hatari, lakini akiona nyuzi za nje zimeinuka, asimame, aurudishe kwenye joto, kisha aendelee. Ufa uliopita katikati ya mti haufungwi kwa kamba, mche huo autupe motoni.

Ule upindo ndio mbele ya raketi. Ncha mbili zinakutana nyuma na kufungwa pamoja kwa sentimita 20, na huo ni mkia. Mkia si mapambo. Unaburuzwa, na kwa kuburuzwa unaifanya raketi inyooke mbele kama usukani wa mtumbwi. Sehemu pana kabisa iwe sentimita 28 hadi 30. Zaidi ya hapo mtu anajikanyaga.

Mche una upande mnene na upande mwembamba, na mwembamba hukunjika zaidi. Matokeo yake raketi inatoka imepinda upande mmoja kama mdomo wa mtu anayeumwa jino. Dawa ni kuchonga upande mnene kwa kisu, ndani tu, kabla ya kuupasha moto. Muda ukiwa hautoshi, aache hivyo, lakini ahakikishe upande mnene unakaa nje katika raketi zote mbili, kulia na kushoto. Zikipinda zote kwa mfano mmoja, mtu ataenda akivutwa upande bila kujua, na katika msitu usio na jua hilo si dogo.

Kama anaweza, apashe tena moto sentimita 15 za mbele na kuzikunja juu kidogo, kama omo ya mtumbwi, kiasi cha sentimita 5.

Baada ya fremu, fito za kukatiza. Ziwe tano kila raketi, nene kama kidole cha kati, isipokuwa zile mbili zinazobeba upana wa wayo ambazo ziwe kama kidole gumba na zikae zimebanana. Mpango ninaoupendekeza ni huu: afunge kwanza ufito wa mbele, kisha miwili ya kisigino iliyoachana sentimita 8. Atie na matawi ya kujazia. Sasa ndipo atafute mizani juu ya panga, na afunge zile fito mbili za wayo mahali pake. Kutoka hapo hadi ufito wa kwanza wa kisigino kuwe na kama sentimita 18, na mbele pabaki ile nafasi ya vidole. Ikibidi, ufito wa mbele asogeze. Anayefunga vyote kwa kukadiria halafu akapima mizani mwishoni, atafungua mafundo kumi kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Penye kukutana ufito na fremu achonge kijishimo kidogo, kisizidi robo ya unene wa mti. Kikienda nusu, hapo ndipo raketi itakapovunjika. Fito ziishie sentimita 2 nje ya fremu upande wa nje, lakini upande wa ndani zikatwe sawasawa na fremu, vinginevyo zitapasua suruali na kumwangusha.

Kamba: kila kiungo kinakula sentimita 60 hadi 70. Viungo kumi kwa raketi moja ni karibu mita 7, miwili ni 14. Ongeza mkia na gidamu, tuseme mita 18 hadi 20 kwa jozi. Afunge kwa kuzungusha mara tatu kwa msalaba juu ya kiungo, kisha mara mbili kati ya miti miwili ili ule msalaba ubanwe, ndipo fundo. Mizunguko ile miwili ya kati ndiyo inayokaza, na wengi huiacha.

Na kabla ya kuvua glavu, akate kamba zote kwa urefu wake na kuzipanga. Vidole vitupu vina dakika chache tu za akili katika baridi ile. Afunge kiungo kimoja, arudishe mikono kwapani ipate joto, kisha aendelee.

Kama hana kamba? Mikanda ya viti, waya za spika, kamba ya kuvutia gari, vipande vya shitingi (turubai la plastiki) vilivyosokotwa. Kwenye vitabu vingi utasoma habari za mizizi ya «épinette», na ni kweli kwamba wenyeji wameshona nayo mitumbwi ya maganda ya mti. Lakini mizizi hiyo iko chini ya mita nzima ya theluji, ndani ya udongo unaoweza kuwa umeganda. Asiiwekee tumaini. Bora fito changa za «saule», nyembamba kama kalamu: azipashe moto, azishike shina na kuzisokota kuanzia ncha mpaka nyuzi ziachane na kulainika, kisha afunge papo hapo zikiwa bado na joto. Zikishaganda zitabaki katika umbo hilo hilo. Hazifunguliki tena, zinakatwa.

Kujaza nafasi kati ya fito, matawi ya «sapin» yanatosha: yasukwe juu, chini, juu, chini, kama ukuta wa kitunga, mashina mbele. Nafasi ya vidole tu iachwe wazi.

Mtu asiyeweza kukunja chochote, au asiye na moto, ana njia nyingine ya fito zilizonyooka. Achukue fito tano kwa kila mguu, urefu wa kimo chake, nene kama kidole gumba shinani na kama kidole cha mwisho nchani. Ncha zote azifunge pamoja, hapo ndipo mbele. Mashina ayapanue nyuma juu ya kijiti cha kukatiza chenye sentimita 25. Fito za wayo na kisigino afunge kama nilivyoeleza, kwa mizani ile ile. Kisha kamba itoke nchani hadi kwenye ufito wa wayo, aikaze mpaka ncha ipinde juu. Ni ndefu, katika msitu mzito inasumbua, lakini katika theluji laini na eneo wazi inabeba kuliko ile ya mviringo, na haina mahali pa kupasuka. Kwa mtu anayejifunza ningemfundisha hii kwanza.

Njiani

Miguu iachane kidogo kuliko kawaida, hatua iwe ndefu kiasi raketi moja ipite juu ya ukingo wa nyingine bila kuikanyaga. Asirudi kinyumenyume, mkia utachimba na kumkalisha chini. Kugeuka kuwe kwa nusu mduara. Fimbo moja ndefu mkononi, yenye tawi dogo limefungwa sentimita 10 kutoka chini ili isizame. Wakiwa wengi, wa mbele anafungua njia na ndiye anayechoka, wabadilishane kila dakika 10 na wa nyuma wakanyage alipokanyaga.

Asivuke magogo mawili kwa kukanyaga juu yake: raketi ikishikwa mbele na nyuma huku katikati ni hewa, uzito wote unakuja kwenye fito za wayo na zinavunjika. Theluji ikiwa na maji, hali ya hewa ikikaribia sifuri, itaganda chini ya raketi na kuwa bonge. Aigonge kwa fimbo mara kwa mara. Kwenye mito na maziwa, theluji iliyo juu hufanya kazi ya blanketi, barafu ya chini inakuwa nyembamba kuliko mtu anavyodhani. Mtu mmoja kwa miguu anataka barafu safi ya sentimita 15, na kama hana namna ya kupima, azunguke kwa nchi kavu.

Na aende polepole kiasi cha kutotoa jasho. Mwisho wa Desemba Abitibi ina saa nane na kidogo tu za mwanga, kwa hiyo kama kazi ya kutengeneza imemfikisha alasiri, alale pale alipo na kuondoka kesho.

Ndani ya gari lake aweke mita 20 za kamba ya nailoni, kisu, msumeno mdogo wa kukunja, na kiberiti ndani ya chupa iliyofungwa. Au, kama mfuko unaruhusu, anunue raketi za aluminiamu, kule zinauzwa katika maduka ya michezo, na aziache nyuma ya kiti. Na kukata miti mibichi kwa mazoezi ndani ya hifadhi asifanye. Hiyo ni ruhusa ya dharura.

Kuhusu Ruwenzori, hapana. Kule juu, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109, kilichobaki ni barafu ngumu inayotaka meno ya chuma chini ya buti. Na yale matope ya mabonde, kwa wanaopanda kutokea Mutwanga, ni kinyume cha theluji: ukiweka kitu kipana juu ya tope, hewa haipiti chini yake, tope linakinyonya na mguu hautoki. Huko ni buti za mpira na kukanyaga vichaka vya nyasi.

Akija likizo, fanyeni zoezi hapo Goma. Fito za mkaratusi mchanga, zilizokatwa siku hiyo hiyo, zinatosha kwa fremu, mianzi isitumike kwa upindo kwa sababu inapasuka kwa urefu. Kamba ni mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande vya upana wa sentimita 2. Mwombeni seremala lundo la vumbi la mbao, mlitandaze kina cha sentimita 40 na urefu wa hatua sita. Apite kwanza kwa buti peke yake, mpime alivyozama. Kisha apite kwa raketi, mpime tena. Halafu mfunge kisigino chake kwa makusudi na apite mara ya tatu. Mwishoni arudie mafundo yote akiwa amevaa glavu nene, huku wewe ukishika saa. Akizidi dakika 5 kwa kiungo kimoja, arudie.